Kufunga na kukesha si badala ya kutii

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo kwa kawaida mahali pake huwa mimbarini. Nimelileta gazetini kwa sababu wanaoumizwa na Mkristo anayesali sana lakini hatii, mara nyingi hawamo kanisani mwake. Ni kibarua aliyemaliza kazi na bado anazungushwa kuhusu ujira wake, ni mjane ambaye shemeji zake wamegawana mali ya marehemu, ni mfanyakazi aliyesingiziwa kosa na mwenzake hadi akafukuzwa kazi. Watu hao hawasikii mahubiri yetu, lakini wanayaona maisha yetu kila siku, na ni haki yao kutusikia Wakristo tukilizungumza jambo hili mbele yao.

Kwa muda mrefu tumezoea kuupima uchaji wa mtu kwa wingi wa ibada zake. Tunamwita mcha Mungu yule anayefunga mara kwa mara, asiyekosa mkesha, anayeyajua maandiko kwa moyo na ambaye fungu lake la kumi halichelewi. Mambo hayo yote ni mema, na nitaeleza baadaye kwa nini siwezi kuyadharau. Ila nimeona, na nadhani wasomaji wengi wameona pia, kwamba tumeyaacha yachukue nafasi ya swali lililo rahisi kuuliza na gumu kujibu: je, mtu huyu anafanya lile ambalo Mungu amekwisha kuliamuru? Ninasadiki kwamba ibada ikitenganishwa na utii huharibika yenyewe. Hugeuka kuwa maficho, mahali ambapo mtu hujikinga na sauti ya Mungu huku midomo yake ikilitaja jina la Mungu huyo huyo.

Hali hiyo huonekana wazi zaidi katika namna tunavyoomba mwongozo. Mtu ana ugomvi wa miaka mingi na ndugu yake wa tumbo moja. Chanzo anakijua, na moyoni anajua pia ni sehemu gani ya kosa iliyo yake. Badala ya kumwendea ndugu huyo, anaanza mfungo ili Bwana amwonyeshe la kufanya, na anawaomba wenzake wa kikundi cha maombi wamsaidie kuomba. Siku za mfungo zinakwisha, anaanza nyingine, na kwa kuwa anaomba, dhamiri yake inatulia. Lakini Yesu alikwisha kulisemea jambo hilo katika Mathayo 5:23-24: ukiwa unaleta sadaka yako madhabahuni, na hapo ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza upatane na ndugu yako, kisha urudi uitoe. Katika agizo hilo ibada inakatizwa katikati. Mwenye sadaka haambiwi amalize kwanza kwa heshima kisha atafute nafasi siku nyingine, wala haambiwi aombe ili moyo wa ndugu yake ulainike. Anaambiwa aondoke aende. Tukumbuke pia kwamba wasikilizaji wa kwanza wa maneno hayo walikuwa Galilaya, na madhabahu ya sadaka yalikuwa Yerusalemu, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Kuiacha sadaka pale, kurudi nyumbani kupatana, kisha kwenda tena Yerusalemu kuitoa, lilikuwa jambo la gharama kubwa, na Bwana hakulipunguza.

Yapo mambo ambayo kweli yanataka kuombewa mwongozo, kwa kuwa Maandiko hayakuyataja moja kwa moja: wito wa utumishi, uchaguzi wa mwenzi wa ndoa, kuhama au kubaki. Katika mambo hayo mtu na afunge, na akeshe, na atafute ushauri wa waliokomaa. Kuhusu deni tunaloweza kulilipa, uongo tulioueneza, urithi wa yatima tulioushikilia na msamaha tuliounyima, mwongozo ulikwisha kutolewa zamani, na kuuomba upya ni kumwambia Mungu kwamba alilosema mwanzo halikutupendeza.

Mfano unaonigusa kuliko mingine unahusu mishahara. Kitabu cha Malaki kinasomwa sana makanisani, hasa aya ya 10 ya sura ya 3, ile inayoagiza zaka kamili iletwe ghalani, na ni vigumu kumpata Mkristo aliyehudhuria ibada mwaka mzima asiisikie hata mara moja. Aya tano tu kabla yake, katika sura hiyo hiyo, Mungu anasema kwamba atakuja kuhukumu, na kati ya wale atakaowashuhudia, pamoja na wachawi, wazinzi na waapao kwa uongo, anawataja wanaomwonea mwajiriwa katika mshahara wake, na wanaomwonea mjane na yatima na kumpotoshea mgeni haki yake. Aliyesema aya ya 10 ndiye aliyesema aya ya 5, na ile ya mshahara aliitanguliza. Wala haikuwa mara ya kwanza kulisema. Kumbukumbu la Torati 24:15 inaagiza kibarua maskini alipwe siku ile ile kabla jua halijachwa, kwa kuwa anautegemea ujira huo kwa uhai wake. Walawi 19:13 inakataza ujira wa mtu kulala kwa mwajiri hadi asubuhi. Na Yakobo katika waraka wake, 5:4, anasema kwamba ujira uliozuiwa unapiga kelele, na kilio cha wavunaji kimeyafikia masikio ya Bwana wa majeshi. Basi mwajiri Mkristo mwenye uwezo wa kulipa, anayewachelewesha watu wake kwa miezi huku akisimama mbele ya kusanyiko kutoa sadaka ya shukrani, anatoa nini hasa? Anatoa fedha za watu wengine. Naandika hivi bila nia ya kumdhalilisha yeyote, lakini nikiwa na hakika kwamba kusanyiko linalompigia makofi mtu huyo linamsaidia kupotea.

Isaya alilikuta jambo hili hili. Katika sura ya 58 watu wanalalamika kwamba wamefunga na Mungu haoni, wamejitaabisha na Mungu hajali, na jibu wanalopewa ni kwamba siku ile ile ya kufunga kwao wanatafuta mapato yao na kuwalemea wanaowatumikia. Hawakuambiwa kwamba wamefunga kwa saa chache, wala kwamba maombi yao yalikosa bidii. Waliambiwa kwamba mfungo aliouchagua Mungu ni kufungua vifungo vya uovu, kuwaachilia walioonewa, kumgawia mwenye njaa chakula na kutojificha na watu wa damu yao.

Kisa kinachoonyesha kwa undani jinsi moyo unavyofanya kazi katika jambo hili ni cha mfalme Sauli katika 1 Samweli 15. Sauli alitumwa vitani juu ya Waamaleki na kuagizwa asibakize chochote. Najua amri ile yenyewe, iliyohusu kuangamiza watu, inawatatiza wasomaji wengi wa Biblia, nami ni mmoja wao, na barua moja haitoshi kuijadili. Ninachotaka tukitazame ni mwenendo wa Sauli baada ya vita, kwa maana unafanana mno na wetu. Alimwacha hai mfalme Agagi, akabakiza kondoo na ng'ombe walionona, akajisimamishia ukumbusho huko Karmeli, kisha akamlaki nabii Samweli kwa salamu za baraka na kutangaza kwamba ameitimiza amri ya Bwana. Samweli akamuuliza, basi sauti za kondoo hizi ninazozisikia ni za nini? Jibu la Sauli lilikuwa la kidini kabisa: watu wamewabakiza walio wazuri ili wamtolee Bwana dhabihu.

Sauli hakusema kwamba aliitamani mali ile. Aliitumia ibada kuwa sababu ya kutotii, na kwa jinsi alivyojibu kwa ujasiri, huenda hata yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuiamini sababu hiyo. Samweli hakuanza kubishana naye kama nia ya dhabihu ilikuwa ya kweli au la. Alimwambia kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu. Alipobanwa zaidi, Sauli alisema kilichokuwa moyoni, katika aya ya 24: aliwaogopa watu, akaitii sauti yao. Na hata baada ya kukiri, ombi lake katika aya ya 30 lilikuwa kwamba Samweli amheshimu mbele ya wazee wa watu wake na arudi pamoja naye, ili apate kumsujudia Bwana. Alitaka ibada iendelee na watu waione ikiendelea. Naisoma aya hiyo kwa huzuni, kwa sababu hamu iliyomo ndani yake ipo makanisani mwetu hadi leo: jambo lenyewe halijarekebishwa, lakini ratiba ya ibada isivurugike na heshima ya mkubwa isipungue.

Tofauti na Sauli ni Zakayo, katika Luka 19. Huyu hakuwa mtu wa ibada kwa namna iliyojulikana na majirani zake. Walimhesabu kuwa mwenye dhambi, na walinung'unika Yesu alipoingia nyumbani mwake. Lakini alisimama na kusema kwamba nusu ya mali yake anawapa maskini, na kama amemnyang'anya mtu kitu kwa hila atamrudishia mara nne. Ni baada ya maneno hayo Yesu alipotangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba ile. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na Torati ya Musa haikusema tofauti. Mwanzoni mwa Walawi 6 kuna maagizo juu ya mtu aliyemdhulumu mwenzake, aliyekana amana aliyokabidhiwa au aliyeapa kwa uongo juu ya kitu kilichopotea: atarudisha kitu kizima, ataongeza juu yake sehemu ya tano, atampa mwenyewe siku ile anayopatikana na hatia, na pamoja na hayo ataleta kondoo wa sadaka ya hatia kwa kuhani. Mungu hakuwaruhusu Waisraeli kumaliza madhabahuni jambo lililoanzia sokoni. Leo, kinyume chake, mtu aweza kutubu kwa machozi, akaombewa, akatoa ushuhuda wa jinsi alivyosamehewa, na aliyedhulumiwa akabaki pale pale alipokuwa, bila hata kujua kwamba kesi yake imekwisha kufungwa bila yeye. Kanisa Katoliki, kwa kuwa linafundisha kwamba anayeungama wizi anapaswa kurudisha alichoiba kadiri awezavyo, limelitunza fundisho hili vizuri kuliko makusanyiko mengi ya kiroho ninayoyafahamu, na nalisema hili nikiwa si Mkatoliki.

Kuna atakayenijibu kwamba ninarudisha wokovu kwa matendo, na kwamba tumeokolewa kwa neema. Jibu hilo nalichukua kwa uzito wote, kwa kuwa ni kweli. Waefeso 2:8 inasema tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, wala haikutokana na nafsi zetu. Ila Paulo hakuweka nukta hapo akaondoka. Aya mbili mbele anasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema, ambayo Mungu aliyatengeneza tokea awali ili tuenende nayo. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani, ambaye hakuwa na shaka yoyote juu ya kuhesabiwa haki kwa imani, alionya mwaka 1937 dhidi ya ile aliyoiita neema rahisi, yaani msamaha unaohubiriwa bila kudai toba, na akashikilia kwamba anayeamini ndiye anayetii, na anayetii ndiye anayeamini. Aliandika hayo akijua gharama yake katika nchi iliyokuwa chini ya Wanazi, na tarehe 9 Aprili 1945 alinyongwa katika kambi ya Flossenbürg. Neema inayomwacha mtu akiendelea kumshikilia kibarua mshahara wake haitofautiani na kutomjali kibarua huyo, na siamini kwamba Mungu wa Malaki amebadilika kiasi hicho.

Utii wenyewe, hata hivyo, hauzai kitu ukiwa ni wa kutishwa tu. Yesu aliuweka juu ya msingi mwingine aliposema, "Mkinipenda, mtazishika amri zangu." Anayetii kwa hofu hutafuta mpaka wa amri ili asimame karibu nao kadiri iwezekanavyo; atauliza ni kiasi gani cha uongo ambacho bado hakijawa uongo. Anayempenda aliyeamuru huuliza amri hiyo ilikusudia kumlinda nani, kisha humlinda. Ndiyo maana Mafarisayo waliotajwa katika Mathayo 23:23 waliweza kutoa zaka ya mnanaa na bizari na jira kwa uangalifu mkubwa na bado wakaacha mambo makuu ya sheria, yaani adili, na rehema, na imani. Yesu hakuwaambia waache kuhesabu mboga. Aliwaambia walipaswa kuyafanya hayo makuu, wala wasiyaache yale mengine.

Nimeahidi kueleza kwa nini siidharau ibada. Sababu ni kwamba sioni namna mtu anavyoweza kutii kwa muda mrefu bila kuwa mtu wa sala. Yesu mwenyewe aliamka alfajiri na mapema akaenda mahali pasipo watu kuomba, kama Marko 1:35 inavyosimulia, na kabla ya kuwachagua mitume kumi na wawili alikesha usiku kucha katika kumwomba Mungu. Huko Gethsemane aliomba mara tatu kwa maneno yale yale, na sala hiyo haikumwondolea kikombe. Ilimfikisha mahali pa kusema, "Walakini si mapenzi yangu, bali yako yatendeke," kisha akainuka akawaendea waliokuja kumkamata. Sala ya namna hiyo ni kazi ngumu, kwa maana anayeingia ndani yake anajua kwamba huenda akatoka akiwa amepoteza hoja yake. Nadhani wengi wetu huomba tukiwa tumekwisha kuamua, na kinachobaki ni kumtaka Mungu aweke muhuri.

Danieli pia ni shahidi mzuri, na kuna jambo katika habari zake ambalo wahubiri hulipita haraka ili wafike kwenye tundu la simba. Adui zake walipotaka kumwangusha walianza kwa kuichunguza kazi yake serikalini, na Danieli 6:4 inasema hawakuona kosa wala hatia, kwa kuwa alikuwa mwaminifu. Ni baada ya kushindwa hapo walipogeukia sala zake, ambazo alizisali mara tatu kila siku madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu. Ningependa kila Mkristo aliyeajiriwa, na hasa anayeshika fedha za umma, ajiulize kama adui zake wangehitaji kufika kwenye sala zake ndipo wapate la kumshtaki, au kama wangelipata mapema zaidi, kwenye vitabu vya hesabu.

Mtu wa nyakati zilizo karibu nasi ninayemkumbuka katika suala hili ni Franz Jägerstätter, mkulima wa Austria aliyekuwa pia mtunza sakristia wa parokia yake. Alikuwa mtu wa misa, wa rozari na wa kusoma Biblia, mwenye mke na watoto. Alipoitwa kupigana katika jeshi la Hitler alikataa, kwa kuwa aliamini vita vile vilikuwa vya udhalimu. Mapadri walimshauri afikirie familia yake na kwamba wajibu wa kuamua uko kwa watawala. Alimwendea hata askofu wake, naye hakumuunga mkono. Hakuwatukana, wala hakulihama Kanisa. Aliendelea kusali na kuendelea kukataa, hadi alipouawa. 

Aliuawa kwa kukatwa kichwa tarehe 9 Agosti 1943, na Kanisa lile lile ambalo viongozi wake walimshauri vingine lilimtangaza mwenye heri mwaka 2007. Ibada yake haikuwa maficho. Ndiyo iliyompa nguvu ya kusimama mahali ambapo hata washauri wake wa kiroho hawakuthubutu kusimama.

Habari za mtu huyo zinanileta kwenye hatari ya upande wa pili, ambayo mtu anayeandika juu ya utii hana ruhusa ya kuinyamazia. Wapo viongozi wanaopenda sana neno hili, kwa sababu wanalielekeza kwao wenyewe. Wanafundisha kwamba kumhoji mtumishi ni kumhoji Mungu, kwamba muumini mtiifu hutoa anachoambiwa atoe, huoa anayeambiwa aoe na huacha dawa anapoambiwa aziache. Mwaka 1978 watu zaidi ya 900 walikufa huko Jonestown, nchini Guyana, wakiwa chini ya kiongozi wa namna hiyo. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, nchini Kenya, ya watu wanaodaiwa kufundishwa kwamba wakifunga hadi kufa watamwona Yesu. Wengi wa marehemu hao walikuwa watu wa bidii katika sala. Siwezi kuwafikiria, hasa watoto, bila uchungu, na ninaona kwamba mafundisho yetu yana sehemu ya lawama kila tunapomsifu muumini kwa kuwa mnyenyekevu mbele ya mhubiri bila kumfundisha kuyapima mahubiri.

Maandiko hayamtaki mtu wa namna hiyo. Watu wa Beroya katika Matendo 17:11 wanasifiwa kwa sababu walimsikiliza Paulo kwa uelekevu wa moyo, kisha wakayachunguza maandiko kila siku waone kama aliyoyasema ndivyo yalivyo; na kama mtume alichunguzwa, hakuna mhubiri wa leo aliye mkubwa mno kuchunguzwa. Petro na wenzake waliliambia baraza la wakuu, "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu," na baraza lile lilikuwa la viongozi wa dini. Mwezi Mei 1934 Wakristo wa Kiprotestanti wa Ujerumani waliokutana Barmen, wakipinga kanisa kuwekwa chini ya itikadi ya Kinazi, walitamka kwamba Yesu Kristo ndiye Neno moja la Mungu tunalopaswa kulisikia, kulitumaini na kulitii katika uzima na katika mauti. Hata Benedikto wa Nursia, ambaye katika karne ya 6 aliwawekea watawa wake utii mkali kuliko ambao wengi wetu tungeuweza, alimwagiza abati, yaani mkuu wa watawa, awaite ndugu wote wakati wa jambo zito na asikilize mashauri yao, akisema kwamba mara nyingi Bwana humfunulia mdogo lililo bora. Kiongozi anayedai utii na hakubali kuulizwa amejiweka mahali pasipo pake, na anayemtii kwa upofu anarudia kosa la Sauli la kuitii sauti ya watu.

Mhariri, naomba nimalizie kwa kuwaelekea viongozi wa makanisa wanaolisoma gazeti hili. Mnapotangaza mfungo wa kanisa zima, watangazieni waumini kwamba siku chache za kwanza ni za kulipa madeni yanayolipika, kuwaendea waliokosana nao na kurudisha vya watu, na kwamba maombi yataanza baada ya hapo. Katika muda wa ushuhuda, wapeni nafasi pia waliorudisha walichodhulumu, bila kuwataja waliodhulumiwa pasipo ridhaa yao. Anayeleta sadaka kubwa na inajulikana kwamba wafanyakazi wake hawajalipwa, mwiteni faraghani, mrudishieni bahasha yake kwa upole na mwelekezeni pa kuipeleka kwanza. Na nyinyi wenyewe mkiwa waajiri wa walinzi, madereva, wahudumu na walimu wa shule za kanisa, mishahara yao itangulie mbele ya ujenzi wowote.

Najua litakaloulizwa katika vikao vya wazee ni kama makusanyo hayatapungua. Kwa majuma kadhaa yatapungua, kwa kuwa sehemu ya fedha hizo itakuwa imekwenda kwa wenyewe, na kanisa lisiloweza kuvumilia upungufu huo litakuwa limekuwa likiishi kwa mali isiyo yake.

Msomaji wako,
Mwalimu wa Shule ya Jumapili